Kwa nini muvi za kisayansi za mamilioni ya dola zinanoga mwanzoni, halafu vita ya mwisho inachosha?

Jicho la Tatu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu.

Naomba tulijadili hili kiufundi, ushabiki tuuweke kando. Muvi za kubuni za kisayansi zenye mapigano, zile za dola milioni 150 kwenda juu, zina utamu usiopatikana kwingine: unaonyeshwa kitu ambacho hakipo duniani na jicho linakubali kwamba kipo. Dinosaria wa Jurassic Park (1993), yule askari wa chuma kinachoyeyuka wa Terminator 2 (1991), risasi zilizoganda hewani za The Matrix (1999). Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko mwishoni. Saa ya kwanza inakushika: steringi anajulikana, tatizo linajulikana, ulimwengu mpya unafunguka taratibu. Kisha zinakuja dakika 40 za mwisho, ambako ndiko pesa nyingi zimemwagwa, na kila kitu kinafanana: mji unabomoka, jeshi lisilo na sura linamiminika, mwale wa bluu unapanda mawinguni, na mtazamaji anaanza kuchungulia simu.

Maswali yangu:

1. Kosa ni la CGI (picha zinazoundwa kwa kompyuta), au ni la hadithi?
2. Kwa nini kazi ya kompyuta ya 1993 bado ina uzito, wakati ya juzi inaonekana kama mchezo wa video?
3. Kuna dalili za kuitambua muvi ya namna hii kabla hujalipa tiketi au kumaliza bando?

Meza ya Mhariri

Mkuu, swali la kwanza linajibiwa na kalenda. Studio kubwa hutangaza tarehe ya kutoka muvi miaka miwili au zaidi kabla, mara nyingi hadithi ikiwa haijakamilika. Tarehe ikishatangazwa haisogei kirahisi, kwa sababu kumbi, matangazo na mikataba ya bidhaa vyote vimefungwa kwayo. Kinachosogea ni uamuzi. Na uamuzi wa mwisho kabisa kufanyika ni ule wa vita ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayoweza kujengwa karibu yote ndani ya kompyuta baada ya waigizaji kwenda nyumbani.

Tazama mnyororo wa shoti moja: mchoro wa awali, kuunda umbo, kulivika ngozi, kulitia mifupa ya kulichezesha, mwendo, mwanga, kurenda (kompyuta kuikokotoa picha kamili), kisha kuunganisha na picha ya kamera. Shoti ya sekunde 5 ni fremu 120, yaani picha moja moja, 24 kwa kila sekunde. Chukulia kila fremu inakula saa 10 za kompyuta kurenda: hizo ni saa 1,200 za mashine, na hapo ni jaribio moja tu. Mkuu wa studio akibadili vazi la adui zikiwa zimebaki wiki sita, kazi inarudi karibu mwanzo wa mnyororo. Katika Avengers: Endgame (2019), yale mavazi meupe ya kusafiri kwenye wakati yalitengenezwa yote kwa kompyuta, kwa sababu muundo wake haukuwa umeamuliwa wakati waigizaji wako mbele ya kamera. Yalitoka vizuri kwa sababu timu ilikuwa hodari. Ila ukikubali kufanya hivyo kwa shoti 2,000, zipo zitakazotoka mbichi.

Kibaya zaidi, kampuni za CGI kwa kawaida hulipwa bei moja iliyokubaliwa mwanzo. Mabadiliko ya katikati yanakula faida yao, na muda wa ziada unamwangukia fundi. Rhythm & Hues walifungua kesi ya kufilisika Februari 2013, na mwezi huohuo kazi yao katika Life of Pi ikachukua Oscar. Mafundi wa CGI walioajiriwa na Marvel walipiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi mwaka 2023, na ratiba za namna hii ni sehemu ya malalamiko yao. Kwa hiyo mtu akisema "CGI mbaya", mara nyingi anachokiona ni uamuzi uliochelewa.

Sasa pesa. Muvi ya dola milioni 200 hairudishi gharama kwa kuingiza milioni 200. Kumbi za Marekani hubaki na karibu nusu ya tiketi, China humwachia mwenye muvi takriban robo, na matangazo yanaweza kupita milioni 100. Kanuni ya haraka ya biashara hii ni kuzidisha bajeti kwa mbili na nusu, yaani milioni 500. John Carter (2012) iliingiza zaidi ya milioni 280 dunia nzima, na bado Disney walitangaza kutarajia hasara ya takriban milioni 200.

Ukihitaji milioni 500, watoto na wazazi wote lazima waingie. Daraja la PG-13 (la tahadhari kwa walio chini ya miaka 13), lililoanzishwa Marekani mwaka 1984, linaruhusu mapigano mengi mradi damu iwe kidogo. Ndipo wanapopatikana maadui wa kudumu: roboti, wadudu wa angani, viumbe wa kivuli. Unaweza kuwakata elfu moja na daraja lisibadilike. Lakini adui asiyetoka damu, asiye na jina wala hofu, hamtishi mtazamaji pia. Na kwa sababu jeshi zima haliwezi kumalizwa mmoja mmoja, mwandishi anaweka kitufe: ua kiini, wote wanaanguka. Ilifanyika The Phantom Menace (1999), ikafanyika The Avengers (2012), ikafanyika Edge of Tomorrow (2014), ambayo kwa sehemu kubwa ni muvi iliyoandikwa kwa akili kweli. Mtazamaji akishajua kuna kitufe, mapigano yote ya pembeni hayana maana tena kwake.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni World War Z (2013). Mwisho wake wa kwanza ulikuwa vita kubwa ya Urusi, na ulishapigwa picha. Walipouona kwenye meza ya uhariri, wakautupa. Waandishi wapya, Damon Lindelof na Drew Goddard, wakaleta mwisho mwingine: maabara huko Wales, korido chache, maiti-hai wachache, na steringi anayepaswa kupita bila kupiga kelele. Kuna mmoja amesimama nyuma ya kioo anagonganisha meno, kah-kah-kah, na hakuna kingine kinachosikika. Sehemu hiyo ina hofu kuliko ule ukuta wa Yerusalemu wenye maelfu ya viumbe wa kompyuta. Muvi iliingiza takriban milioni 540. Mwisho uliofanya kazi ulikuwa mdogo kuliko ule uliotupwa.

Mizani

Najibu swali la pili, maana hapo ndipo watu wanapobishana bila vipimo.

Uzito kwenye skrini unatokana na muda. Kitu kikiachwa kidondoke kutoka mita 1.7 kinafika chini kwa takriban sekunde 0.6. Kikidondoka kutoka mita 80 kinachukua takriban sekunde 4. Mvutano wa dunia haubadiliki, kwa hiyo jitu la mita 80 lazima lionekane linakwenda polepole kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa urefu. Mara 47 ya urefu wa binadamu ni takriban mara 6.9 ya muda. Wapiga picha wa vijumba vidogo vya mfano walilijua hili tangu zamani: kijumba cha robo ya ukubwa halisi unakipiga fremu 48 kwa sekunde badala ya 24, na cha sehemu moja ya 16 unakipiga fremu 96. Ukikosea hapo, maji na vumbi vinakusaliti kwanza.

Pacific Rim (2013) iliheshimu kanuni hii. Roboti zake zina urefu wa takriban mita 80, na ngumi inaanza, inachelewa, ndipo inafika. Muvi ya pili, ya 2018, ilizifanya nyepesi na za haraka, mchana kweupe, na ukubwa wote ukapotea ingawa urefu kwenye karatasi ni karibu uleule.

Pili ni kamera. Guillermo del Toro, mwongozaji wa ile ya kwanza, aliiweka mara nyingi pale ambapo kamera ya kweli ingeweza kukaa: juu ya helikopta, juu ya paa, usawa wa maji, na lenzi inapata matone. Kamera ya kompyuta ikiruka kilomita mbili kwa sekunde moja, ikapita katikati ya miguu ya jitu na kutokea begani, ubongo unakataa hata kama ngozi ya jitu ni kamilifu.

Tatu, idadi. Terminator 2 ilikuwa na shoti za kompyuta arobaini na kitu tu. Kilichobaki kilikuwa vikaragosi na ngozi bandia za fundi Stan Winston, na ujanja wa kawaida kabisa. Pale adui anapojigeuza mlinzi wa hospitali, walitumia ndugu pacha halisi. Jurassic Park ina takriban dakika 15 tu za dinosaria, na za kompyuta hazizidi 6 hivi. Yale mawimbi kwenye glasi ya maji garini ni waya wa gitaa uliopitishwa chini na kudonolewa. Tireksi wa kwenye mvua alikuwa mashine kubwa, ngozi yake ya povu ikinyonya maji hadi inatetemeka, na mafundi wanaifuta kwa taulo kati ya shoti na shoti. Kwa hiyo pale kompyuta ilipoingia, jicho lilikuwa limeshaona kitu kizito cha kweli sekunde chache kabla, na fundi wa mwanga wa CGI alikuwa na mfano wa kuigiza: mwanga gani unaangukia ngozi iliyolowa, saa hiyo, mahali hapo.

Kukiwa hakuna chochote cha kweli kwenye shoti, kitambaa cha kijani pande zote, fundi anakisia mwanga. Waigizaji nao wamemulikwa sawasawa kutoka kila upande ili maamuzi yafanyike baadaye. Ndiyo ile rangi ya kijivu isiyo na kivuli unayoiona vita ya mwisho.

Binti Mkato

Niwapinge kidogo, maana mjadala huu huwa unaishia "CGI mbaya, zamani ndiyo nzuri", na si kweli.

Mad Max: Fury Road (2015) inatajwa kila mahali kama muvi ya magari ya kweli, na magari yalikuwa ya kweli, jangwani Namibia. Lakini pia ina takriban shoti 2,000 zilizopita kwenye kompyuta. Na mikato yake ni kama 2,700 ndani ya saa mbili. Kwa hesabu hiyo ilipaswa kuchosha kuliko zote. Haichoshi, na sababu zinaonekana.

Hadithi ilichorwa kwanza, michoro kama 3,500, kabla ya kupiga picha. Mpiga picha John Seale aliagizwa aweke kitu muhimu katikati ya fremu, shoti baada ya shoti. Mhariri Margaret Sixel alipokata, jicho halikuhitaji kutafuta: macho ya Furiosa, steringi wa kike, yalipokuwa, ndipo bunduki inapotokea, ndipo gurudumu linapotokea. Jaribu kuitazama ukiwa umekaza macho katikati ya skrini, utaona hupitwi na kitu. Sixel alichukua Oscar ya uhariri kwa kazi hiyo. Muvi nyingine zinakata kwa kasi ileile huku kitu muhimu kikirukaruka kushoto na kulia, na kila mkato unamgharimu mtazamaji sehemu ya sekunde kutafuta. Zidisha kwa dakika 40. Uchovu unaousema mwanzisha mada unatoka hapo kwa kiasi kikubwa.

Kingine ni ramani. Fury Road: wanakwenda upande mmoja, wanafukuzwa kutoka nyuma, kisha wanageuka kurudi. Hata mtoto anajua nani yuko wapi. Vita ya mji unaobomoka haina mbele wala nyuma.

Na Ex Machina (2014) iligharimu takriban dola milioni 15, ikachukua Oscar ya athari za picha mbele ya Fury Road na mbele ya Star Wars ya 2015. Sehemu kubwa ya mwili wa roboti wa muvi hiyo ni CGI. Waliamua mapema anavyofanana, wakapiga picha kwenye vyumba vyenye mwanga wa kweli, ndipo wakabadilisha sehemu za mwili tu. Kompyuta haina kosa.

Jicho la Tatu

Nashukuru sana wakuu, na dada Binti Mkato umenifungua kwenye suala la jicho kutafuta. Mizani, ile hesabu ya kudondoka nitaitumia.

Swali la tatu bado. Na niongeze la nne: nyumbani mazungumzo hayasikiki, milipuko inatikisa madirisha, na matukio ya usiku ni weusi mtupu wenye vipande vya mraba. Ni muvi au ni TV?

Fundi Sabufa

Ni vyote viwili, mkuu.

Sauti ya muvi hizi huchanganywa kwa ukumbi, na mazungumzo karibu yote yamewekwa spika ya katikati. TV yako ina spika mbili. Ikipokea sauti ya 5.1 (njia tano za spika na moja ya sabufa) inaikunja: ya katikati inagawanywa kushoto na kulia ikiwa imepunguzwa dB 3, na hukohuko inakutana na muziki na milipuko. Sauti nzito ya sabufa mara nyingi inatupwa kabisa. Ndiyo maana unapandisha sauti kusikia maneno, kisha kombora linawaamsha majirani.

Fanya hivi. Kama huna spika za nje, nenda kwenye mipangilio ya TV au king'amuzi, weka sauti itoke kama PCM ya stirio (sauti ya njia mbili). Washa "night mode" au kipengele kinachofanana nacho, kazi yake ni kukandamiza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Kwenye kompyuta, programu ya VLC ina kikandamizaji ndani ya athari za sauti, kiwashe. Kama una redio ya 5.1 yenye spika ya katikati, ipandishe dB 3 au 4 peke yake na uache nyingine zilivyo. Wale wenye sabufa ya mtaani ya 2.1: punguza besi, kwa sababu sauti ya kiume iko karibu na masafa hayo na inafunikwa. Na zipo muvi ambazo zimechanganywa hivyo kwa makusudi. Interstellar (2014) ililalamikiwa hata kwenye kumbi nzuri, na mwongozaji Christopher Nolan akasema ndivyo alivyotaka. Hiyo hakuna kitufe cha kuitibu, washa maandishi ya chini.

Picha. Muvi ya saa mbili ya 1080p kwa megabiti 5 kwa sekunde inakula takriban GB 4.5. Ikibanwa hadi GB 1.5 inabaki chini ya megabiti 1.7, na programu ya kubana inaanza kuiba kwenye giza, kwa kuwa inadhani jicho halitaona. Vita za usiku, moshi, mvua na cheche ni mambo magumu kuliko yote kubana. Bando likiwa dogo, ni afadhali utazame 720p yenye nafasi ya kutosha kuliko 1080p iliyokondeshwa.

Ukiona rangi zote zimefifia kama zimepakwa majivu, faili lako ni la HDR (picha yenye upana mkubwa zaidi wa mwanga na rangi) na skrini yako haina HDR. Tafuta toleo la kawaida. Mwisho kabisa, zima ulainishaji wa mwendo. Samsung huuita Auto Motion Plus kwenye TV nyingi, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Muvi imepigwa fremu 24 kwa sekunde. TV ikibuni fremu za katikati, yale majitu ya Mizani yanageuka mepesi na CGI inaonekana kama tamthilia ya mchana. Wengi wanailaumu muvi kwa kosa la mpangilio huu mmoja.

Mzee wa Kibanda Umiza

Niongeze upande wa mvuto, maana mmeusahau. Muvi hizi zinavuka lugha kwa sababu zinaeleweka kwa macho. Ndiyo maana zimekuwa chakula kikuu cha watafsiri wetu: DJ Afro kule Kenya, Lufufu Tanzania, VJ Jingo Uganda. Mtafsiri anahitaji nafasi tulivu ili aingie: kikao cha mpango, safari, steringi anaagana na mama yake. Vita ya dakika 40 isiyo na pumzi inamnyima kazi, anabaki kutaja nani kapigwa. Ukitaka kupima kama muvi ina hadithi, sikiliza mtafsiri hodari ana la kusema kiasi gani sehemu ya mwisho.

Kuhusu dalili za mapema, mkuu Jicho la Tatu, mimi naangalia hizi. Kwenye bango, majina ya waandishi: yakiunganishwa kwa alama ya "&", waliandika pamoja; yakiunganishwa kwa "and", mara nyingi mmoja alikuja kuandika upya kazi ya mwingine. Ukiona makundi matatu, hadithi imepita mikono mingi. Tarehe ya kutoka ikiahirishwa mara mbili na kuna habari za kurudia kupiga sehemu ya mwisho, kuwa mwangalifu, ingawa World War Z inaonyesha kurudia kunaweza kuponya. Trela ikiwa na miji inayobomoka tu na huwezi kusema steringi anataka nini, hapo nakuwa na shaka kubwa.

Na bajeti kubwa si dhamana. District 9 (2009), ya Johannesburg, iligharimu takriban dola milioni 30 na ikapendekezwa Oscar ya filamu bora. Godzilla Minus One ya Japani (2023) iligharimu chini ya milioni 15: shoti 610, mafundi 35, mwongozaji Takashi Yamazaki akiwa ndiye pia msimamizi wa CGI, kwa hiyo uamuzi ulitolewa palepale mezani. Ikachukua Oscar. The Creator (2023) ilitumia milioni 80, na sehemu kubwa ilipigwa kwa kamera ya Sony FX3, ya takriban dola 4,000, kwenye maeneo ya kweli Asia, CGI ikaongezwa baada ya uhariri. Picha yake inashindana na muvi za milioni 200. Hadithi yake ndiyo nyembamba, na hilo kamera haikuweza kuliokoa.

Mizani

Mzee, kipimo cha mtafsiri nimekikubali.

Jicho la Tatu, ukizima huo ulainishaji wa mwendo, fungua Pacific Rim ya kwanza, pigano la Hong Kong. Kuna ngumi inakosea shabaha na kupenya ofisi ghorofani. Inapasua ukuta, inapita juu ya meza, inakwenda inapungua, halafu inagusa kidogo tu vile vigololi vya chuma vinavyoning'inia mezani, navyo vinaanza kugongana tik, tik, tik. Kigololi kinakupa ukubwa wa kidole, kidole kinakupa ukubwa wa mkono, na hakuna jengo lililohitaji kuanguka. Tazama sekunde hizo, kisha fungua vita yoyote ya mwisho iliyokuchosha na utafute kama kuna kitu kimoja cha kupimia ukubwa.